Milia Iliyofutika na Watoto Wetu Barabarani

Akina mama wengi tuna desturi moja. Mtoto anapoanza darasa la kwanza, siku za mwanzo tunamsindikiza mpaka shuleni. Tukifika kwenye barabara kubwa tunamwonyesha milia myeupe na kumwambia: "Hapa ndipo pa kuvukia. Usivuke mahali pengine." Mtoto anasikia, anatii, na baada ya wiki mbili tatu tunamwacha aende na wenzake. Tunarudi kwenye shughuli zetu tukiwa na moyo mtulivu, maana tumekwisha kumwelekeza.

Je, mahali pale tulipomwonyesha bado pana milia? Katika jiji la Dar es Salaam si vigumu kukuta kivuko cha waenda kwa miguu ambacho rangi yake imekwisha. Pembeni imebaki milia miwili mitatu, na katikati, ambapo magurudumu hupita, ni lami tupu. Sisi wenyeji tunajua kwamba hapo ni kivuko kwa sababu tulikiona kilipokuwa kipya. Dereva anayepita kwa mara ya kwanza hana habari. Hiyo ndiyo hatari tunayotaka kuizungumza mwezi huu: mtoto anavuka kwa kuamini alama ambayo dereva haioni.

Milia iliwekwa ili ionekane

Kivuko cha pundamilia hakina umri mkubwa. Nchini Uingereza, tangu mwaka 1934, sehemu za kuvukia zilionyeshwa kwa nguzo zenye tufe la rangi ya chungwa, na baadaye kwa safu za vichwa vya misumari ya chuma iliyopigiliwa barabarani. Mwenye miguu aliiona misumari ile vizuri, lakini dereva aliyekuwa mbali hakuiona. Mwaka 1949 wataalamu walianza kujaribu milia ya rangi, na mwaka 1951 milia myeupe na myeusi ikaingia rasmi katika sheria za nchi ile. Mji wa Slough ulikuwa wa kwanza kupata kivuko cha aina hiyo.

Kwa hiyo milia haikuwekwa kwa ajili ya kupamba barabara. Kazi yake ni kumwambia dereva, akiwa bado mbali, kwamba hapa kuna watu. Ikishafutika, tumerudi kwenye misumari: anayevuka anajua, anayeendesha hajui.

Kwa nini inafutika?

Matairi huikwangua rangi ya barabarani kila dakika, na mchanga unaoletwa na mvua huisugua kama msasa. Jua nalo huipausha. Rangi ya kawaida hudumu muda mfupi kwenye barabara yenye magari mengi. Ipo rangi nyingine nzito, inayoyeyushwa kwa moto na kumwagwa barabarani ikiwa bado ya moto. Hiyo hudumu zaidi, ingawa gharama yake ni kubwa. Wakati mwingine rangi haichakai, bali inafunikwa. Barabara inachimbwa ili kupitisha bomba, shimo linazibwa kwa lami mpya, na milia hairudishwi.

Jambo lingine ambalo wengi hatulifahamu ni kwamba juu ya rangi ile hunyunyizwa punje ndogo sana za kioo. Usiku, taa za gari zikizipiga punje hizo, mwanga unarudi kwa dereva na milia inang'aa. Punje zikishang'oka, kivuko kinaweza kuonekana vizuri mchana na kupotea kabisa gizani. Mvua nayo ikifunika punje kwa maji, mng'ao unapungua.

Ndiyo maana kukikagua kivuko saa sita mchana hakutoshi. Mwezi wa Julai, jua la Dar es Salaam huchomoza baada ya saa 12 na nusu asubuhi. Saa hiyo watoto wengi wako tayari njiani. Tukitaka kujua kama kivuko kinaonekana, inatupasa tukiangalie katika giza lile lile wanalovukia wao.

Hesabu ya sekunde chache

Sheria ya Usalama Barabarani ya Tanzania, ya mwaka 1973, inamtaka dereva ampishe mtu aliye kwenye kivuko, na mwendo wa juu katika maeneo ya makazi ni kilomita 50 kwa saa. Tuangalie mwendo huo una maana gani kwa mtoto.

Gari lenye mwendo wa kilomita 50 kwa saa linakwenda karibu mita 14 kila sekunde. Dereva anahitaji kama sekunde moja kumwona mtoto na kukanyaga breki. Hapo mita 14 zimekwisha. Kisha gari linahitaji mita nyingine kama 14 kusimama, kama lami ni kavu, breki ni nzima na matairi hayajaisha. Jumla ni mita 28. Gari lenye mwendo wa kilomita 30 linasimama ndani ya mita 13 hivi.

Sasa mtoto aingie barabarani mita 20 mbele ya gari. Dereva wa kilomita 30 atasimama kabla ya kumfikia. Dereva wa kilomita 50 atamgonga akiwa bado na mwendo wa zaidi ya kilomita 35. Milia inayoonekana toka mbali inampa dereva nafasi ya kupunguza mwendo kabla hajamwona mtoto mwenyewe.

Tugeukie upande wa anayevuka. Barabara yenye njia nne za magari ina upana wa kama mita 14. Mtu mzima asiye na mzigo huivuka kwa sekunde 12 hivi. Mama mwenye mtoto mgongoni, kikapu mkononi, na mwingine anayemshika mkono, atatumia kama sekunde 16. Katika sekunde hizo, gari la kilomita 50 linatembea zaidi ya mita 220. Maana yake ni kwamba gari tunaloliona "liko mbali kule" linaweza kutukuta katikati.

Kwa mtoto hesabu hii ni ngumu zaidi. Utafiti uliofanyika Uingereza na kutolewa mwaka 2011 ulionyesha kwamba watoto wa umri wa shule ya msingi hawawezi kutambua vizuri kuwa gari linakuja, likizidi mwendo wa kama kilomita 32 kwa saa. Macho na ubongo wao bado vinakua. Tusimwite mtoto mzembe wala kumchapa kwa jambo ambalo maumbile yake hayajamwezesha kulifanya.

Hili si jambo dogo. Taarifa ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2023 inasema ajali za barabarani huua watu wapatao milioni 1.19 kila mwaka ulimwenguni, na kwamba ndizo zinazoongoza kuua watoto na vijana wa umri wa miaka 5 hadi 29. Kati ya kila watu watano wanaokufa hivyo, mmoja hivi alikuwa akitembea kwa miguu.

Jihadhari na gari la pili

Kwenye barabara pana kuna mtego mmoja ambao akina mama wote tunapaswa kuujua. Daladala inasimama, konda anatoa mkono dirishani na kusema, "Vuka, mama!" Tunashukuru, tunaingia. Lakini daladala ile imetuziba. Dereva wa gari dogo anayekuja kwenye njia ya pili haoni watu, anaona daladala imesimama tu, naye anadhani inashusha abiria. Bodaboda naye anapenya katikati. Kama milia imefutika, hakuna kinachomwonya yeyote kati yao.

Wema wa dereva wa kwanza si ruhusa ya kuvuka barabara nzima. Tuvuke mpaka mwisho wa gari lililosimama, tusimame, tuchungulie, ndipo tuendelee. Tahadhari hiyo tuikumbuke pia kwenye Barabara ya Morogoro, ambako vituo vya mabasi ya mwendokasi, yaliyoanza mwaka 2016, vilijengwa katikati ya barabara. Kila abiria wa kituo cha namna hiyo ni mvukaji, kwenda na kurudi.

Tuwafundishe nini watoto?

1. Rangi haisimamishi gari. Anayelisimamisha ni dereva. Mtoto asiweke mguu barabarani mpaka aone magurudumu yamesimama.

2. Asimame ukingoni, atazame kulia, kushoto, kisha kulia tena, maana kwetu magari hupita kushoto na linalotufikia kwanza hutoka kulia.

3. Avuke kwa kutembea, si kwa kukimbia. Anayekimbia huanguka, na dereva hupata muda mfupi zaidi wa kumwona.

4. Asivuke mbele ya daladala iliyosimama kituoni. Aiache iondoke kwanza.

5. Mdogo asiachiwe mtoto mwenzake wa miaka minane amvushe. Wote wawili wana macho ya kitoto.

Maneno peke yake hayatoshi. Siku moja ya mapumziko twende naye kwenye kivuko chake, na safari hii yeye ndiye atuongoze. Atuambie, "Sasa, mama," nasi tumuulize kwa nini sasa. Tutashangaa tukisikia majibu yake, na tutajua ni wapi bado hajaelewa.

Baba naye asikae pembeni. Wengi wa waume zetu na vijana wetu ni madereva, na baadhi yetu pia tunashika usukani. Jioni tukiwa mezani tuulizane: kwenye vivuko vya watoto wa wenzetu, sisi tunapunguza mwendo?

Rangi ni kazi ya nani?

Mara nyingi tunalalamika "serikali haioni" bila kujua tumwambie nani. Barabara kuu na za mkoa, kama Morogoro, Bagamoyo, Kilwa, Nyerere na Mandela, ziko chini ya TANROADS, wakala ulioanzishwa mwaka 2000. Barabara za wilaya na za mitaa ziko chini ya TARURA, iliyoanzishwa mwaka 2017. Barua ikipelekwa ofisi isiyohusika, inaweza kukaa huko miezi.

Njia nzuri ni kuanzia kwenye kamati ya shule, kwa sababu humo wazazi wana wajumbe wao. Barua ya kamati ipite kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa na kwa diwani, ambaye ndiye mwenyekiti wa Kamati ya Maendeleo ya Kata, na nakala iende kwa wakala anayehusika. Kikundi chochote cha akina mama, kiwe cha kanisani au cha kuweka na kukopa, kinaweza kuandaa barua hiyo.

Barua isiseme tu kwamba "kivuko ni kibovu." Itaje jina la barabara, mahali penyewe, na umbali kutoka shuleni. Ieleze ni watoto wangapi waliohesabiwa wakivuka kuanzia saa 12 hadi saa 1 asubuhi, na ni magari mangapi yaliyosimama kuwapisha. Iambatanishwe na picha mbili za simu, moja ya mchana na moja ya alfajiri. Mwaka wa fedha wa serikali huanza tarehe 1 Julai, na mipango huandaliwa miezi mingi kabla. Barua ya mwezi wa Oktoba ina nafasi kubwa kuliko ya mwezi wa Juni.

Tusinunue ndoo ya rangi na kuipaka wenyewe. Kivuko kisicho na kibao cha kumwonya dereva, au kilichowekwa karibu na kona, kinaweza kuwaita watoto mahali pa hatari.

Tena tusiishie kuomba rangi. Hapa hapa Dar es Salaam, shirika la Amend limefanya kazi katika maeneo ya shule kwa kuweka njia za miguu, matuta, vibao na vizuizi vya magari, na mahali pengine hata kuhamisha lango la shule kwenda upande wenye usalama. Mpango wao huo, uitwao SARSAI, ulipewa mwaka 2019 tuzo ya kimataifa ya miji ya WRI Ross. Tuta kabla ya kivuko humlazimisha dereva apunguze mwendo, hata ambaye hakuiona milia. Basi barua yetu iombe vyote viwili.

Wakati tunasubiri

Majibu yanaweza kuchukua miezi, nao watoto watavuka kesho asubuhi. Kwa hiyo tuongee na mwalimu mkuu na askari wa usalama barabarani wa eneo letu, tupange zamu ya watu wazima watakaowavusha watoto kwa makundi, wakiwa na bendera nyekundu na nguo inayoonekana gizani. Wazazi kumi wakikubaliana, kila mmoja atasimama asubuhi moja tu katika wiki mbili za shule. Orodha ya majina hayo kumi inaweza kuandikwa kwenye kikao kijacho cha wazazi.