Karatasi Nyeusi Nyuma ya Simu

Fundi simu yeyote wa Tandika, Manzese au Mbagala Rangi Tatu jijini Dar es Salaam ameshaiona. Ukifungua mfuniko wa nyuma wa simu janja nyingi, unakuta karatasi nyeusi, nyembamba na laini, imebandikwa chini ya koili bapa ya shaba, ambayo ndiyo antena ya kusomea kadi. Wengine huibandua wakati wa kubadilisha betri na hawairudishi. Simu inawaka, inapiga, inachaji. Mteja analipa na kuondoka. Baadaye ndipo anapogundua kwamba haisomi tena kadi kwa kugusishwa.

Ile si stika. Ni unga wa feraiti, yaani kauri yenye oksidi ya chuma, uliokandwa ndani ya mpira au plastiki ili ukunjike bila kuvunjika. Kazi yake ni kuupitishia pembeni uga wa sumaku wa koili usiguse chuma cha betri. Ukikigusa, huzuka mikondo ya umeme ndani ya chuma, nayo huzaa uga unaopingana na ule wa kwanza. Ndiyo maana N-Card, kadi ya malipo ya kugusisha, ikichomekwa kati ya kava na simu, geti la kivuko cha Kigamboni au la Uwanja wa Benjamin Mkapa pale Temeke huenda lisiitambue.

Feraiti yenyewe ni ya zamani. Watafiti Kato na Takei waliivumbua Tokyo mwaka 1930, na kampuni ya TDK ikaanzishwa 1935 ili kuiuza. Waliowahi kufungua redio ya transista wanaikumbuka: ile fimbo nyeusi iliyozungushiwa waya. Wimbi la kilohezi 1000 lina urefu wa mita 300, na antena ya robo yake ingekuwa mita 75. Fimbo ya sentimita chache inatosha kwa sababu inaukusanya uga wa sumaku.

Kwa nini basi tusipunguze hivyo kila antena? Kauri za kawaida hufupisha wimbi kwa tabia yake ya umeme, ila nishati hukwama ndani na antena hubaki na masafa finyu. Nyenzo ya sumaku hufupisha bila gharama hiyo kubwa. Tatizo lake alilieleza mtafiti Snoek wa kampuni ya Philips katika miaka ya 1940: kadiri nyenzo inavyokuwa na nguvu ya sumaku, ndivyo inavyochoka mapema masafa yanapopanda. Juu ya gigahezi moja, feraiti nyingi hugeuza mawimbi kuwa joto. Kuchanganya unga na mpira husaidia kiasi, lakini nguvu ya sumaku nayo hupungua. Kwa hiyo anayekuuzia stika ya kuongeza mtandao wa 5G, mwache aende zake.

Kwenye megahezi 13.56 za kadi, hata hivyo, karatasi hii haina mpinzani. Ndugu fundi, ipashe moto kidogo, ibandue taratibu, uirudishe palepale. Ikichanika, tafuta nyingine ya feraiti. Usiweke karatasi ya fedha ya kufungia chakula: hiyo ni alumini, na itaizima antena kabisa.