Dawa za Kulevya Wakati wa Ujauzito na Tabia za Ujana

Mtoto aliyefikiwa na dawa za kulevya tumboni huweza kuzaliwa na kukua bila dosari ya kuonekana, kisha akaanza kuwatatiza wazazi na walimu afikapo balehe. Kwa nini athari ichelewe hivyo?

Kokeini, heroini na nikotini hupenya kondo la nyuma na kuufikia ubongo ungali ukijengwa. Kokeini hubana mishipa ya damu, hivyo hupunguza oksijeni na lishe vinavyomfikia mtoto. Tena huvuruga dopamini, kemikali inayohusika na umakini na hamu. Sehemu ya mbele ya ubongo, inayomwezesha mtu kujizuia na kupima matokeo ya matendo yake, ndiyo ya mwisho kukomaa. Ujana huidai sehemu hiyo kazi nzito, na hapo udhaifu uliojificha huweza kudhihirika: kukosa utulivu darasani, pupa, ukaidi, au kujaribu ulevi mapema.

Hata hivyo, athari hiyo si hukumu. Katika miaka ya 1980 magazeti ya Marekani yalitabiri kizazi kizima kilichoharibiwa na kokeini. Mjini Philadelphia, Dkt. Hallam Hurt na wenzake waliwafuatilia watoto 224 wa familia maskini waliozaliwa kati ya 1989 na 1992, takriban nusu yao wakiwa wamefikiwa na kokeini tumboni. Katika vipimo vya akili makundi mawili yalikaribiana, na yote yalikuwa chini ya wastani. Umaskini ulibainika kuwa na uzito kuliko kokeini. Tafiti nyingine zimeonesha tofauti za umakini na tabia, lakini ndogo kuliko ilivyohofiwa.

Kwa hiyo, mhudumu anayempokea kijana msumbufu aulize historia ya ujauzito kwa staha, na aulize pia kuhusu usingizi, shule na ukatili nyumbani. Asimbandike jina la kudumu.

Mjamzito anayetumia heroini asiache ghafla akiwa peke yake, kwa kuwa arosto huweza kumdhuru yeye na mtoto. Tiba ya methadoni chini ya uangalizi, ambayo Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza kuitoa mwaka 2011, ni salama zaidi. Mama akilaumiwa kliniki hatarudi, na mtoto wake atakosa huduma mapema, wakati ambapo ingemfaa zaidi.