Wakubwa wagombane, mpaka ubaki wazi

Jamani, ugomvi wa wakubwa bei yake hulipwa sokoni. Mwishoni mwa Februari 2019 Rwanda na Uganda zilikuwa zikishutumiana, na mpaka wa Gatuna ukafungwa. Ulifunguliwa Januari 31, 2022. Karibu miaka 3!

Mchuuzi aliyezoea kuvuka asubuhi na kurudi jioni angekula nini? Wa magendo walipita njia za panya. Aliyeumia ni yule mlipa ushuru. Nasi tuliorejea nyumbani kutoka Uganda tuliacha ndugu huko. Hata kwenda msibani ikawa taabu. Na nchi zote mbili zimo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki!

Kwa maoni yangu, viongozi wagombane mezani, wamwachie mchuuzi kapu lake. Jumuiya ni watu kuvuka, si bendera kupepea.