Saa ya Kompyuta Imekosea kwa Kiasi Gani?

Saa ya kompyuta ikikosea, fundi wa Kasongo au Kabambare, mkoani Maniema, asikimbilie bisibisi. Atazame kwanza ukubwa wa kosa, kwa maana ndio unaotaja ugonjwa.

Ikichelewa saa moja kamili, mashine ni nzima. Kongo ina kanda mbili za saa: Kinshasa hutangulia saa ya dunia, UTC, kwa saa moja, na Maniema kwa saa mbili. Kwenye mpangilio palipoandikwa Kinshasa, chagua Lubumbashi. Kompyuta iliyopangwa Kigoma au Dar es Salaam itawahi kwa saa moja, kwani Tanzania iko UTC+3. Kuirekebisha kwa mkono ni kazi bure: ikikutana na intaneti hujisahihisha kwa UTC, na kosa hurudi palepale.

Ikirudi nyuma miaka kila inapowashwa, betri ya bodi mama imekwisha. Mara nyingi ni CR2032, ya duara: kipenyo milimita 20, unene milimita 3.2, volti 3. Kompyuta ya mezani iliyochomekwa kwenye umeme wa kudumu huilisha saa yake yenyewe, na betri hupumzika. Penye jenereta au sola inayozimwa usiku, betri hubeba zamu yote hadi asubuhi, ikaisha mapema. Hasara si ndogo. Tovuti hukataliwa kwa kuwa vyeti vyake vya usalama vinaonekana havijaanza kutumika. Katika kituo cha afya, mtoto huweza kuandikwa kachanjwa kabla hajazaliwa.

Ikipotea kama dakika moja kwa mwezi, hiyo ni tabia ya fuwele ya kwatzi inayoiendesha. Hutetemeka mara 32,768 kwa sekunde. Idadi hiyo ikigawanywa kwa mbili mara 15, hubaki pigo moja: sekunde. Kosa la sehemu 20 kwa milioni hufikia sekunde 1.7 kwa siku. Joto likipanda mbali na nyuzi 25, kama chini ya bati mchana, fuwele hupunguza mwendo. Pasipo na intaneti ya kuisahihisha, programu ya GPS kwenye simu hutoa saa ya setilaiti.

Basi kabla ya kununua betri, weka saa sawa, zima, chomoa waya usiku kucha, kisha linganisha asubuhi. Tarehe ikiwa bado ni sahihi, pesa ibaki mfukoni.