Maji Yapitayo Mwambani: Matembezi Kando ya Mfereji wa Wamarakwet

Ukisikia neno mfereji huenda ukawaza Suez, ambao tulifundishwa katika Jiografia, au ule wa bwenini unaokauka kila Jumamosi ya kufua. Chama chetu cha Kiswahili kilifunga safari hadi Bonde la Kerio kuona mifereji ya namna nyingine, ile iliyochimbwa na Wamarakwet kwa nguvu za mikono kabla serikali ya kikoloni haijatia mguu kule.

Kwanza ujue mahali penyewe. Upande wa magharibi wa bonde, katika Kaunti ya Elgeyo-Marakwet, umesimama ukuta wa mlima wenye kimo cha zaidi ya mita 1,000. Juu, kwenye milima ya Cherangani, kuna msitu, baridi na mvua. Chini, pande za Tot, ni jua kali, na mvua ni bahati nasibu. Mito kama Embobut hushuka kwa kasi katika makorongo na kuyaacha mashamba mengi makavu. Kazi ya mfereji basi ni kuyatoa maji mtoni yangali juu, na kuyapitisha ubavuni mwa mlima hadi kwenye mtama, mahindi na maembe. Watafiti wamehesabu mifereji mikubwa ipatayo 40, na urefu wake ukijumlishwa unapita kilomita 250.

Mzee aliyetuongoza alianzia pale maji yanapotoka mtoni. Sisi wasichana tulisimama mbali kidogo, maana kwa desturi mwanamke hasogelei hapo. Tulitarajia kuona bwawa la maana. Kumbe ni mawe, magogo, matawi na nyasi zilizoshindiliwa! Wengine wetu walicheka chini kwa chini. Mzee akangoja tumalize, kisha akaeleza. Mto ukifurika, kizuizi hiki huvunjika na kuchukuliwa na maji. Mafuriko hufuata mto, mfereji ukasalimika, na wanaume hukijenga upya kwa vifaa vya papo hapo. Kizuizi kigumu kingeweza kuyasukuma mafuriko hayo mferejini, na huko chini kuna nyumba za watu. Kicheko kikatuishia mdomoni.

Tulipofika mwambani ndipo nilipoona kazi yenyewe. Mfereji ukiinama mno, maji hukimbia na kula kingo zake. Ukilala mno, tope hutuama na kuuziba. Waliochimba hawakuwa na pimamaji. Waliyaachia maji yenyewe yawaonyeshe mteremko, hatua kwa hatua. Penye genge walijenga ukuta wa mawe bila simiti, wakaupitisha mfereji juu yake. Penye korongo waliweka magogo yaliyochongwa mvungu, maji yakavuka hewani. Siku hizi baadhi ya sehemu zimetiwa mabomba na simiti.

Hapo mwenzetu mmoja (simtaji, anajijua) alikanyaga ukingo, jiwe likatoka, maji yakaanza kumwagikia bondeni. Mzee hakugomba. Alivua viatu, akamwita kijana mmoja, wakaziba kwa mawe, udongo na majani. Walichukua karibu nusu saa, nasi tumeduwaa tu. Tundu dogo kama lile likiachwa usiku kucha hubomoa ukuta, na mashamba ya chini yakakosa maji.

Ndiyo sababu mfereji ni mali ya ukoo, si ya mtu mmoja. Wanaume wa ukoo huitwa kuutengeneza, na asiyefika hutozwa faini. Maji hugawanywa kwa zamu za saa, mchana na usiku. Nilimwuliza mzee, je, mjane anayelima peke yake? Akajibu kwamba humtuma mwanamume wa kumfanyia kazi. Mimi sikuridhika, na nilimwambia kwa adabu. Mashamba yale yanalimwa sana na akina mama, nao ndio wasioruhusiwa kushika jembe mferejini. Mzee akacheka, asinijibu.

Jambo lililomsumbua yeye ni msitu wa juu. Ukikatwa, mto hupungua kiangazi, na masika huja na tope na mawe. Aprili 2020 maporomoko ya udongo yaliua watu huko Chesegon, mpakani na Pokot Magharibi. Tena vijana wengi wameondoka kutafuta kazi mijini, na ukuta wa mawe hauwezi kujitengeneza.

Tulifika chini saa kumi jioni. Zamu ya shamba moja ilikuwa imekwisha. Kijana mmoja aliziba mkondo kwa mawe na nyasi, akafungua wa jirani, maji yakageuka.