Jina Hubaki, Kiwanda Hufungwa

Novemba 2025 Nissan ilitangaza kuuza makao makuu yake ya Yokohama kwa yen bilioni 97, kisha ibaki humohumo kama mpangaji. Miezi michache kabla ya hapo ilikuwa imeripoti hasara ya takriban yen bilioni 671 kwa mwaka wa fedha ulioishia Machi 2025, ikasema itapunguza wafanyakazi 20,000 na kubakiza viwanda 10 kati ya 17. Mojawapo ya vitakavyoacha kuunda magari ni kile cha Oppama, ambako Leaf, gari la umeme, lilianza kutengenezwa mwaka 2010, wakati wengi wa wanaotamba leo kwenye soko hilo hawakuwa na hata gari moja la kuonyesha.

Mwenye X-Trail au Note iliyoshushwa bandarini Mombasa au Dar es Salaam anauliza: Nissan inakufa? Sidhani. Ila kampuni na chapa ni vitu viwili, na kila kimoja kina ugonjwa wake.

Tuanze na kampuni. Wengi hudhani kampuni huangushwa na magari mabaya. Mara nyingi huangushwa na kiwanda kilicho nusu tupu. Mashine za kukandamiza mabati, roboti za kuchomelea na karakana ya rangi zina gharama ileile, ziwe zinatoa magari 100,000 au 200,000 kwa mwaka. Hesabu inayotumika sana katika biashara hii ni kwamba kiwanda kikifanya kazi chini ya asilimia 70 hadi 80 ya uwezo wake, kila gari linalotoka getini linakula akiba. Nissan iliuza magari milioni 5.77 katika mwaka wa fedha wa 2017. Katika ule wa 2024 iliuza kama milioni 3.35. Hayo mengine hayakupotea kwa bahati mbaya. Enzi za bosi wake wa zamani, Carlos Ghosn, kampuni ilifukuzia wingi wa mauzo, hasa Marekani, kwa punguzo kubwa la bei, mpaka wateja wakazoea kusubiri punguzo. Modeli zikazeeka. Wamarekani walipoyageukia magari ya haibridi, Nissan haikuwa na haibridi ya kuwauzia, na huko Uchina kampuni za nyumbani, zikiongozwa na BYD, zikawachukua wateja wake. Mazungumzo ya kuungana na Honda yalitangazwa Desemba 2024 na kuvunjika Februari 2025, Honda ilipotaka Nissan iwe kampuni tanzu. Kwa maoni yangu, siku moja Nissan itaukubali mkataba mgumu kuliko ule ilioukataa.

Chapa ina hesabu nyingine kabisa, na pengine hesabu yenyewe hufanyiwa nchi ya mbali. General Motors ilipofilisika mwaka 2009 ilibidi ichague chapa za kuzika. Nchini Marekani mwaka 2008 Pontiac iliuza takriban mara mbili ya Buick. Iliyozikwa ni Pontiac. Buick ilipona kwa sababu Wachina waliipenda, na Shanghai ilikuwa na wanunuzi ambao Detroit haikuwa nao tena.

Volvo ilikuwa mzigo kwa Ford hadi ilipouzwa kwa Geely mwaka 2010. Mwaka huo iliuza magari yapata 373,000. Mwaka 2024 yakafika 763,000. MG nayo: kampuni mama, MG Rover, ilianguka Longbridge, Birmingham, Aprili 2005, jina likaishia mikononi mwa SAIC ya Shanghai, na leo linauza Ulaya magari zaidi ya 200,000 kwa mwaka. Waingereza wanaolinunua kwa kumbukumbu za ujana wananunua gari la Kichina, na sioni ubaya wowote.

Mbona Saab haikuokolewa hivyo? Wachina walikuwa tayari kuinunua. Lakini teknolojia iliyokuwa chini ya boneti ilikuwa mali ya General Motors, mmiliki wake wa zamani, ambaye alikataa kuiachia iende Uchina. Desemba 2011 Saab ikafilisika. Hapo ndipo ninapopimia chapa yoyote inayoyumba: ina nini ambacho mnunuzi atakichukua bila kuomba ruhusa kwa mwingine?

Ukiipeleka Stellantis kwenye kipimo hicho, orodha ya chapa zinazofaulu inakuwa fupi. Ilizaliwa Januari 2021 ikiwa na chapa 14, na bosi wake wa wakati huo, Carlos Tavares, akaipa kila moja miaka kumi ya kujithibitisha. Yeye mwenyewe aliondoka Desemba 2024. Jeep, Ram, Peugeot na Fiat sina wasiwasi nazo. Lancia inauza modeli moja tu, Ypsilon. Chrysler, iliyoanzishwa 1925, imefikisha karne ikitegemea magari ya familia ya Pacifica peke yake. Maserati ilishuka kutoka magari 26,600 mwaka 2023 hadi 11,300 mwaka 2024, lakini hiyo itapata mnunuzi, kwa kuwa jina la Maserati lina thamani hata bila kiwanda. Chrysler ndiyo naiona ikiondoka kimya.

Kwa mwenye gari la petroli, mengi ya haya ni habari za gazetini. Baada ya Saab kufa, serikali ya Sweden iliichukua kampuni yake ya vipuri na wateja wakaendelea kuhudumiwa. Gari la Kijapani lililouzwa kwa mamilioni litapata breki, plagi na fani Gerezani, Dar es Salaam, au Kirinyaga Road, Nairobi, kwa sababu waliozitengeneza ni kampuni nyingine kabisa. Kwa Nissan ningeiangalia gia ya CVT tu: inaundwa na Jatco, na mwenye hisa nyingi humo ni Nissan yenyewe.

Gari la umeme ni habari nyingine. WM Motor ya Uchina ilipofilisika 2023, wenye magari waliona programu za simu walizotumia kuyadhibiti zikigoma. Huku kwetu Neta V iliingia sokoni Kenya mwaka 2024, ikapangiwa kuunganishwa katika kiwanda cha Associated Vehicle Assemblers, Mombasa. Mwaka uliofuata Hozon, kampuni mama yake huko Zhejiang, ikaingia kwenye mchakato wa kufilisiwa. Uchina ina chapa zaidi ya mia, na nyingi zitafuata njia hiyo. BYD na Geely hazimo katika hizo. Anayetaka za bei nafuu zaidi amwulize muuzaji dhamana ya betri imeandikwa kwa jina la nani, la kampuni ya hapa au la kiwanda, na kama fundi wa nje anaweza kusoma hitilafu za betri bila kuunganishwa na seva iliyoko Uchina. Majibu yote mawili yawe kwenye karatasi yenye muhuri kabla ya malipo ya kwanza.