Sumaku, TV ya chogo na kamba ya mbuzi

Mjomba aliponunua TV ya chogo, sebule yake pale Babati iligeuka ukumbi wa mtaa. Siku moja nikang'oa sumaku kwenye spika ya redio mbovu, nikaisogeza kwenye kioo. Uso wa mtangazaji ukapinda, ukawa kijani na zambarau. Nilipoiondoa, doa likabaki. Mjomba hakucheka. Ilibidi aitwe fundi, akazungusha mbele ya kioo pete ya waya yenye umeme huku akirudi nyuma polepole, doa likafutika.

Ndani ya chogo hamna hewa. Kutoka nyuma kabisa elektroni hufyatuliwa, zikivutwa na volti zipatazo 25,000 hadi kufikia mwendo wa karibu kilomita 90,000 kwa sekunde. Koili zilizovishwa shingoni hugeuka sumaku, zikazipinda elektroni zichore mistari 625, picha 25 kila sekunde. Sumaku yangu ilizipeleka kombo, zikagonga rangi isiyo yao. Bati lenye matundu nyuma ya kioo nalo likashika usumaku, ndiyo maana doa liliganda.

Ajabu ni kwamba sumaku haiongezi wala haipunguzi mwendo wa chembe yenye chaji, kama elektroni. Huivuta ubavuni tu. Ni kama mbuzi aliyefungwa kwenye kigingi: akikimbia, kamba humnyima kwenda mbele, akaishia kuzunguka. Wahenga walishasema, mbuzi hula kwa urefu wa kamba yake. Sumaku ikiwa kali, kamba ni fupi. Chembe ikiwa nzito au ya kasi, kamba ni ndefu. Chembe iliyotulia haiguswi kabisa.

Dunia nayo ni sumaku. Chembe za Jua zinazonaswa na uga wake wa sumaku huzunguka huku zikiteleza kuelekea ncha za Dunia, ambako huwasha anga ya Norway na Kanada kwa rangi. Juu ya Mlima Kwaraa, kwetu Babati, hatuzioni rangi hizo. Huku karibu na ikweta uga umeelekea kulala, nao huzigeuza njia chembe nyingi. Uchache huo wa chembe uliifaa setilaiti ya Uhuru, iliyorushwa tarehe 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, ikapima miale ya eksirei ikizunguka juu ya ikweta.

TV ya mjomba ilikufa baada ya kuonja king'amuzi. Kwenye TV bapa za leo hakuna elektroni za kupindwa hivyo. Mtoto akisogeza sumaku hataona kitu. Atabakiwa na mbuzi wa jirani, akizunguka kigingi.